Solo ya kompyuta: usiikariri, ikate

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Napiga saksafoni ya alto. Noti nasoma vizuri na skeli zote 12 nazijua, ila kiongozi wa bendi akininyooshea kidole nipige solo, naganda. Nimepakua programu inayotunga solo yenyewe juu ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ninazoiandikia, nikaanza kuzikariri solo zake. Moja nimeimaliza yote. Vidole vinakwenda, lakini wenzangu wanasema nasikika kama mtu anayesoma tangazo. Niendelee kukariri, au niachane na hizi programu? Na toleo la kulipia litanisaidia zaidi?"

Jibu:

Marahaba. Acha kukariri, ila programu usiifute. Ina kazi yake: kukupa malighafi ya kukatakata, na kukupa bendi isiyochoka kurudia vipimo (mafungu ya mapigo manne) vilevile vinne usiku kucha. Ukiigeuza kuwa mtu wa kuigwa noti kwa noti utafika hapo ulipofika, vidole vimejaa na kichwa hakina la kusema.

Tuone kwanza kinachotokea ndani yake, maana ukishakijua hutashangaa kwa nini wenzako wanasikia tangazo. Chukua Impro-Visor, programu ya bure iliyoanzishwa na Robert Keller, aliyekuwa profesa wa sayansi ya kompyuta katika chuo cha Harvey Mudd, California. Inatunga kwa kufuata sarufi. Sarufi hiyo inaeleza kipande cha melodi kiwe na mpangilio gani wa noti ndefu na fupi, kisha inaipa kila noti daraja lake: hii iwe noti ya kodi, ile iwe ya kupamba, nyingine iwe ya kukaribia, yaani iliyo nusu sauti tu kutoka kwenye noti ya kodi inayofuata. Kila chaguo lina uwezekano wake, kompyuta inarusha kete, noti zinajipanga kwenye mistari. Hata rangi zake zinakuambia: nyeusi ni noti za kodi, kijani ni za kupamba, buluu ni za kukaribia, nyekundu ni zile zisizoingia katika makundi hayo. Sarufi zenyewe zinaweza kujifunzwa kutoka kwenye solo za watu zilizonakiliwa, kwa hiyo kuna chembe ya binadamu ndani yake. Lakini ni chembe.

Band-in-a-Box, iliyo sokoni tangu 1990, ina njia mbili. Moja inatunga noti kama hiyo niliyoeleza. Nyingine inachukua vipande vya wapigaji wa kweli waliorekodiwa studio, inavikata na kuviunga upya vifuate kodi zako. Hiyo ya pili inapumua vizuri zaidi, kwa sababu aliyepuliza alikuwa na mapafu. Bado lakini kipande kinachofuata hakijui kipande kilichotangulia kilisema nini. Na iReal Pro, ambayo wengi huichanganya na hizi mbili, haitungi solo kabisa. Inakupa bendi ya kukusindikiza, basi. Nitairudia hapo chini kwa sababu kwa tatizo lako huenda ikawa muhimu kuliko zote.

Sasa twende kwenye noti zenyewe. Huu hapa mfano wa kile ambacho programu ya aina hii hukupa juu ya Dm7, G7 na Cmaj7, kipimo kimoja kwa kila kodi, noti nane kwa kila kipimo, isipokuwa cha mwisho chenye noti moja:

Dm7: D E F A C E D C
G7: B D F Ab G F D F
Cmaj7: E

(Nimeandika kwa sauti halisi ya kinanda. Kwenye alto yako unasoma Bm7, E7 na Amaj7, na noti zote zinapanda kwa kiasi hicho hicho. Kabla ya lolote, nenda kwenye mipangilio ya programu uiambie kwamba ala yako ni ya Eb, la sivyo utakesha ukijiuliza kwa nini wewe na bendi hampatani.)

Zitazame zinazoangukia kwenye mapigo manne ya kipimo cha kwanza: D, F, C, D. Zote ni za kodi. Kipimo cha pili: B, F, G, D. Nazo zote ni za kodi. Hakuna kosa hata moja. Ndiyo sababu mstari huu unasikika sahihi, na ndiyo sababu vilevile ukiendelea hivyo kwa vipimo 32 msikilizaji anasinzia. Kila pigo limejazwa na hakuna mahali pa kumeza mate.

Hebu tuukate. Uliza: ni wapi hasa sikio linavutwa? Mimi nasikia sehemu tatu. Ya kwanza ni C ya mwisho wa kipimo cha kwanza inaposhuka nusu sauti hadi B, kodi inapobadilika. Ya pili ni Ab, noti pekee isiyo ya skeli ya C, inapodondokea G. Ya tatu ni F ya mwisho inaposhuka hadi E, nyumbani. Wale mliolelewa na kwaya mnaijua hiyo kwa jina jingine: fa kwenda mi, na ile ya kwanza ni do kwenda ti. Noti 17 zilikuwapo, sita ndizo zinazobeba habari. Kumi na moja zilizobaki ni za kusafiria.

Piga hizo sita tu, mahali pake palepale, huku bendi ya programu ikiendelea. Nafasi iliyo wazi iache wazi. Utaona jambo la ajabu kidogo: ukimya wenyewe unaanza kukuuliza utaweka nini, na hapo ndipo kubuni kunapoanza. Kisha rudisha noti mbili au tatu za kusafiria, lakini zako. Labda utaifikia ile Ab kutoka juu, kupitia A. Labda utairudia C mara tatu kwa mdundo wa kuchechemea kabla ya kushuka B. Baada ya robo saa una vipande vinne vitano vya kwako, vyote vimezaliwa na mstari mmoja wa mashine, na hakuna kati yake ambacho mashine iliandika. Hii ndiyo kazi ninayotaka uipe programu. Ikutungie solo kumi ukitaka, wewe chagua vipimo viwili kutoka humo, vilivyobaki vyote vitupe bila huruma.

Kuna mambo ya kurekebisha kabla haijatunga. Programu nyingi zinakuruhusu kuweka mpaka wa chini na wa juu wa sauti. Usiuweke kwenye uwezo wa saksafoni, uweke kwenye uwezo wa koo lako, oktavu moja na nusu hivi, kwa sababu ambayo nitaifikia. Punguza wingi wa noti na ongeza mapumziko. Mwendo weka mapigo 80 kwa dakika au hata chini. Kuhusu mdundo wa swing (noti mbili ndani ya pigo moja, ya kwanza ndefu kuliko ya pili), programu kwa kawaida hutumia uwiano mmoja usiobadilika, mara nyingi ule wa noti ya kwanza kuwa mara mbili ya ya pili. Wapigaji wazuri hawafanyi hivyo. Mwendo ukiwa wa pole wanaivuta ile ya kwanza, mwendo ukikazana wanazisawazisha hadi zinakaribia kulingana. Basi mdundo usijifunze kwa mashine. Noti ikupe, mdundo chukua kwa watu.

Na kabla hujapuliza, imba. Najua unasema sauti yako mbaya, hakuna anayekusikiliza. Weka saksafoni kwenye stendi, cheza kipande cha vipimo viwili, simamisha, kiimbe. Usichoweza kukiimba hujakisikia bado, na usichokisikia kikitoka kwenye ala ni bahati ya vidole. Ndiyo maana nimekuambia upunguze mpaka wa sauti. Jambo la pili: kuimba kunakulazimisha kuvuta pumzi, na mahali ulipovuta pumzi ndipo sentensi ya muziki ilipoisha. Mashine haina mapafu, kwa hiyo haijui sentensi inaisha wapi, na wewe uliyekariri solo yake nzima umelazimika kuvuta pumzi popote ulipopata upenyo, katikati ya wazo. Nadhani wenzako wanalisikia hilo kuliko lolote jingine.

Kipande kikishaimbika na kupigika, kihamishe funguo nyingine. Hapa ndipo iReal Pro inapong'ara: unaiambia ipandishe ufunguo kila mzunguko unapoisha, na iongeze kasi kidogo kidogo, kisha unabonyeza na kujitetea. Anza na funguo tatu, si 12. Kipande kimoja katika funguo tatu unachokimiliki kina faida kuliko solo nzima katika ufunguo mmoja unayoiazima.

Sasa kuganda. Kuganda hakutibiwi na noti nyingi zaidi. Unaganda kwa sababu kidole cha kiongozi kinakupa ukurasa mtupu na muda mrefu wa kuujaza. Dawa yake ni kujibu, maana mtu aliyeulizwa swali huwa na la kusema hata kama hakujiandaa. Impro-Visor ina hali ya kupokezana: yenyewe inapiga vipimo vinne, wewe vinne, hivyo hivyo hadi uchoke. Programu yako kama haina hali hiyo, tunga solo nzima, futa kila vipimo vinne vya pili, umepata kitu kilekile.

Usijibu kiholela lakini. Jiwekee sharti moja kwa kila mzunguko. Mzunguko wa kwanza: jibu lako lazima lianze na noti ileile mashine iliyoishia. Utashangaa sharti dogo hilo linavyofungua masikio, maana huwezi kuijua noti ya mwisho kama ulikuwa unapanga jibu lako wakati mwenzako anaongea. Mzunguko wa pili: chukua mdundo wake, badilisha noti. Wa tatu: kaa kimya vipimo viwili vyako vya kwanza, jibu kwa viwili vilivyobaki. Huu wa kukaa kimya ndio mgumu kuliko yote. Mikono inawasha. Vumilia.

Kidokezo kuhusu umbo: wimbo wa vipimo 32 unagawanyika zamu nane, kwa hiyo kila mzunguko utakuta vipimo vilevile vinaangukia kwako. Bluzi ya vipimo 12 ina zamu tatu tu. Mashine ikianza mzunguko wa kwanza, wa pili utauanza wewe, na kila mahali pa bluzi patakuangukia mzunguko mmoja kati ya miwili. Kwa hiyo kwa zoezi hili bluzi ni bora, haikuachi ujifiche kwenye kona unayoijua.

Ukishazoea kujibu, anza kuipunguza bendi. Programu nyingi za kusindikiza zina vitufe vya kuzima ala moja moja. Zima piano. Sasa una besi na dramu, na kodi lazima uzisikie mwenyewe kichwani. Wiki nyingine zima dramu. Baadaye zima na besi, bakiza metronomu tu, iweke ipige kwenye pigo la pili na la nne. Kama ukimaliza mzunguko mzima na msikilizaji asiye na kodi mkononi anaweza kutambua ni wimbo gani, umefika mbali sana. Wengi wanafanya kinyume, wanaongeza ala na mitindo kila siku kwa sababu bendi nene inaficha udhaifu. Nami napenda bendi nene, nani hapendi? Ila si wakati wa mazoezi.

Jirekodi. Simu inatosha. Usisikilize papo hapo, ngoja kesho, na unaposikiliza fanya kazi moja tu: kila kipande useme "kizuri" au "kibaya", bila maelezo. Kuna programu inaitwa GenJam, ya John Biles wa Marekani, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo ilijifunza kupiga jazi kwa njia hiyohiyo: inapiga, mtu anasikiliza, anabonyeza g kwa kizuri au b kwa kibaya, vipande vilivyopendwa vinazaliana na vilivyochukiwa vinakufa. Biles mwenyewe alipiga tarumbeta pamoja nayo mbele ya hadhira. Ninaitaja kwa sababu ladha yote ya programu ile ilitoka kwenye sikio la mtu aliyekaa anabonyeza. Sikio hilo na wewe unalo, lakini lisipopewa kazi linalala.

Tahadhari ya kiufundi, fupi: vipokea sauti vya Bluetooth vinachelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, nusu ya pigo ni milisekunde 250, kwa hiyo unaweza kukosea kwa karibu nusu ya noti hiyo au zaidi. Unapopuliza tu juu ya bendi huwezi kulitambua, lakini ukirekodi ndani ya programu utajikuta umechelewa kila mahali na utajilaumu bure. Tumia vya waya.

Kuna kitu ambacho programu hizi hazikupi kwa namna yoyote, nacho ni kusikilizwa. Ukiinua sauti, mpiga dramu wa kompyuta hainui. Ukiacha nafasi, mpiga piano wake haiingii. Usipotahadhari unajenga tabia ya kupiga juu ya watu kana kwamba hawapo. Kwa hiyo hata mara moja kwa wiki kaa na mtu mmoja, mpiga gitaa au kinanda, mpokezane vipimo vinne vinne kama ulivyofanya na mashine, kwa masharti yaleyale.

Na solo za kukariri? Zipo, ila za watu. Chukua mpigaji wa alto anayekugusa. Charlie Parker ndiye kila mtu atakayekutajia, na wana haki, lakini kwa hali yako ningeanza na Paul Desmond, kwa sababu anaacha nafasi nyingi na sentensi zake unaweza kuziimba zote. Pakia rekodi kwenye programu ya kupunguza mwendo bila kufanya noti ziwe za chini zaidi, kama Transcribe!, zungusha vipimo vinne kwa nusu ya kasi, uvipate kwa sikio bila karatasi. Hapo kukariri kuna maana: unakariri pumzi, uzito wa ulimi, ucheleweshaji mdogo nyuma ya pigo, vyote ambavyo faili la MIDI (maagizo ya noti kwa kompyuta, si sauti iliyorekodiwa) halina, au linavyo kwa namba tu. Kisha vikate kama ulivyokata mstari wa mashine.

Muda ugawe hivi, kama una saa moja: dakika 20 za mtu uliyemchagua, 10 za kukata mstari wa mashine na kuimba, zilizobaki zote za kupokezana na za bendi iliyopunguzwa. Siku yenye nusu saa tu, mstari wa mashine uuache, ndio unaoweza kusubiri.

Kuhusu toleo la kulipia: kwa sasa, hapana. Impro-Visor ni ya bure na ina karibu kila nililokutajia kuhusu kutunga na kupokezana. Sauti zake za kusindikiza si nzuri, ni MIDI kavu, lakini kwa kukatia mistari zinatosha, na unaweza kuihamishia solo kwenye MuseScore, programu ya kuandikia noti, ambayo nayo ni ya bure, ukaifutia noti huko kwa raha zaidi. Siku utakapoona unachelewa kufanya mazoezi kwa sababu bendi inachosha masikio, lipia ya kusindikiza kwanza. Ya kutunga iwe ya mwisho, na ukifika hapo ununue ile yenye vipande vya wapigaji waliorekodiwa. Ile solo uliyoimaliza yote usiitupe. Ifungue leo, tafuta humo vipimo viwili unavyoweza kuviimba bila ala, na uanze kukata hapo.